Nichukue cheo kikubwa kwa washindani au niende Dar kwa mshahara mdogo?

Shikamoo Anti,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana kuna watu wawili wanasubiri jibu langu kabla mwezi haujaisha na kichwa kinaniuma. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Mwanza. Nafanya kazi kampuni ya sabuni na mafuta ya kula, jina naomba nisilitaje. Nilianza kama sales wa kwenye gari, yule mnayemuona anazunguka na dereva duka kwa duka anaomba oda, Buhongwa, Igoma, Kisesa, na enzi hizo ukienda Sengerema unakaa Kigongo unasubiri kivuko mpaka njaa inakuisha yenyewe. Nikapanda kuwa supavaiza, sasa hivi ni meneja wa kanda, Kanda ya Ziwa yote iko chini yangu, mawakala na vijana wa mauzo kuanzia Bariadi mpaka Bukoba.

Sasa ishu yenyewe. Mkurugenzi wetu wa masoko amenipigia kutoka makao makuu, anataka nihamie Dar niwe meneja wa brandi wa sabuni zetu za miche. Nadhani ilianzia kwenye imeili niliyomwandikia mwaka jana, nilimwambia wenye maduka huku wanakata mche kwa kisu wanauza vipande na mche wetu hauna alama za kukatia, kwa hiyo vipande havilingani, wateja wanagombana nao, kile cha mwisho kinabaki kidogo kinauzwa kwa bei ya kutupa, wakati mche wa wenzetu una mistari. Hakunijibu kipindi kile nikajua imepotea. Tatizo ni hela, huku nikijumlisha na kamisheni napata kama milioni 3.4 na gari la kampuni, kule wananipa 2.8, kamisheni hakuna, gari hakuna, halafu nitakuwa naripoti kwa dada niliyemzidi umri ambaye hajawahi kulala gesti ya Bariadi kwa ajili ya oda.

Ofa ya pili imetoka kwa washindani wetu, kampuni ya familia, wananitaka niwe Meneja wa Mauzo wa Taifa. Milioni 6, gari jipya, ofisi yangu. Mume wangu akisikia hiyo milioni 6 hataki kusikia habari ya Dar tena, anasema cheo na hela vyote viko mezani nataka nini zaidi.

Na kuna jambo la tatu ambalo sijamwambia hata yeye. Kila mwisho wa robo mwaka bosi wangu anapiga simu, anasema sukuma mzigo. Tunampa wakala punguzo la 5% na siku 60 za kulipa, anachukua katoni ambazo hazihitaji, tageti inafika, bonasi tunakula, mwezi unaofuata hakuna oda hata moja halafu robo ikiisha tunarudia tena. Juzi nimeingia stoo ya wakala wetu mmoja Shinyanga, Anti, katoni zimefika kwenye mabati, za chini zimebonyea, nikafungua moja ya sabuni ya unga pakiti zimeganda, ukigonga sakafuni inalia ko. Mzee wa watu wala hakugomba, aliniuliza tu, "Mwanangu, na robo hii mnaniletea ngapi?" Nimekosa cha kumjibu.

Ndoto yangu siku moja nikalie kiti cha mkurugenzi mtendaji kwenye kampuni kama hizi. Lakini kila ninayemuona pale juu ameletwa kutoka nje, au katokea idara ya fedha. Rafiki yangu anasema niache vyote nikasome MBA, shahada ya uzamili ya biashara, kwanza. Nishauri, nimechanganyikiwa kwakweli.

Meneja wa Kanda, Mwanza

*

Marahaba mdogo wangu,

Nikwambie mapema ninapoegemea ili usisome mpaka chini unatafuta jibu. Naegemea Dar, ila kwa masharti, na usiondoke kabla hujashughulika na ile stoo ya Shinyanga.

Umeandika mistari mingi kuhusu mshahara, ule mche wa sabuni ukaupitia mbiombio kana kwamba ni kisingizio tu cha simu ya mkurugenzi. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kwenye barua yako. Mtu wa mauzo wa kawaida angeandika "wapinzani wanatuumiza, tuongezewe punguzo." Wewe umeona kisu cha mwenye duka kinapita wapi, ukaona anapoteza nini kwenye kipande cha mwisho, ukajua kwa nini anamsogezea mteja mche wa wenzenu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe wanayokuitia, tena umeshaanza kuifanya bure.

Maana naona na wewe una mawazo ya wengi, kwamba meneja wa brandi ni dada wa ofisini anayechagua rangi za mabango na kupiga picha na wasanii. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini ngoja nikusimulie kazi hii ilikotoka, na bahati nzuri ilitoka kwenye sabuni. Mwaka 1931 pale Procter & Gamble, Cincinnati, kulikuwa na kijana anaitwa Neil McElroy, kapewa matangazo ya sabuni ya Camay. Camay ilikuwa inafunikwa na Ivory, sabuni kubwa ya kampuni hiyohiyo, na yeye hana mtu wa kumsikiliza. Akaandika memo ya kurasa 3, akasema kila brandi ipewe mtu wake, huyo mtu afuatilie mauzo eneo kwa eneo, pale panapodorora aende mwenyewe akaongee na wenye maduka na wanunuzi ajue kwa nini, atengeneze mpango wa kurekebisha na apiganie bajeti yake, na mpango ukifeli ajulikane ni yeye. Hivyo ndivyo cheo hicho kilivyoanza, kampuni za bidhaa za nyumbani dunia nzima zikaiga. McElroy mwenyewe alikuja kuwa rais wa kampuni mwaka 1948, na baadaye akawa waziri wa ulinzi wa Marekani (huko usifike, sabuni inakutosha).

Soma tena hiyo memo halafu soma barua yako. Eneo kwa eneo unalijua, wenye maduka unawajua. Usichokijua ni upande wa hesabu, na hapo ndipo hiyo 2.8 yao inapoweza kuwa na thamani kuliko ile 6, kama kweli watakupa hesabu ushike.

Chukua hilo punguzo lenu la 5%. Wewe kwenye mauzo unaliona dogo kwa sababu tageti yako inahesabiwa kwa katoni au kwa shilingi za mauzo. Tuseme, kwa mfano tu, katoni mnaiuza 30,000, na kuitengeneza mpaka kuifikisha kwa wakala inawagharimu 24,000. Kinachobaki ni 6,000. Ukimpunguzia wakala 5% umemwachia 1,500, maana yake robo ya kile kilichobaki imekwenda, umebaki na 4,500. Ili kampuni ipate faida ileile inabidi uuze theluthi moja zaidi ya ulivyokuwa unauza, na nyie hamuuzi zaidi, mnavuta tu oda za mwezi ujao mnazileta mwezi huu. Hapo sijaweka gharama ya kusubiri hela siku 60, wala ile sabuni iliyoganda ambayo siku moja itarudishwa kiwandani na mtu atailipia. Meneja wa kanda anaweza kukaa miaka 10 akipewa vikombe vya muuzaji bora bila kuonyeshwa hesabu hii hata siku moja. Mkurugenzi mtendaji anaamka nayo, analala nayo.

Kwa hiyo ofa zote mbili zipime kwa swali moja tu la kijinga, bei nani anapanga? Nenda kwa mkurugenzi wa masoko umuulize, mimi kama meneja wa brandi nitakaa kwenye meza inayopanga bei ya mche? Bajeti ya brandi nitaishika mimi au nitaomba kila shilingi? Faida ya sabuni za miche, baada ya gharama za kiwanda na usafiri, nitaiona kila mwezi na itakuwa kwenye tathmini yangu? Na ule mche wenye alama, nikija naruhusiwa kukaa na watu wa kiwandani tubadilishe kalibu yake, ile inayoupa umbo? Akikujibu kwa mifano, kwamba mwezi uliopita meneja fulani alipandisha hiki akakata kile, nenda. Akianza kukuambia habari za matamasha na fulana, basi amekuitia mabango, bora ubaki Mwanza.

Na hela ijadili, usinyamaze kwa aibu kwa sababu eti ni nafasi ya kujifunza. Waambie kamisheni unaielewa kwamba haipo, lakini unahama na familia, unataka posho ya nyumba, gharama za kuhama, na bonasi inayofungwa kwenye faida ya brandi. Hiyo ya mwisho waisikie vizuri, maana mtu anayeomba apimwe kwa faida anakuwa ameshajieleza yeye ni nani. Wakikataa kila kitu, nalo ni jibu.

Kuhusu yule dada wa kuripoti kwake, sina la kusema sana. Yeye anajua hesabu usiyoijua na wewe unajua maduka asiyoyajua, mtafundishana. Ukienda pale na habari ya gesti ya Bariadi kila siku watakuchoka ndani ya mwezi.

Sasa hawa wa milioni 6. Usinielewe vibaya, kampuni ya familia siyo kitu cha kudharau, Bakhresa na METL hapa kwetu na Bidco kule Thika ni za familia na zinauza kuliko wageni wengi. Tena kwenye kampuni ya familia mtu anaweza kukabidhiwa mambo makubwa haraka kuliko kwenye hizi zenye ngazi kumi na mbili. Ila mara nyingi bei inapangwa na mwenye mali asubuhi akiwa anakunywa chai, wewe Meneja wa Mauzo wa Taifa unaletewa kwenye WhatsApp ukaitangaze, na tageti ikikosekana ni ya kwako. Waulize vilevile, bei nani anapanga. Waulize aliyekuwepo kwenye hicho kiti yuko wapi sasa hivi, umtafute mwenyewe umnunulie soda muongee. Na kabla hujasaini omba kuona stoku iliyoko kwa mawakala wao na madeni yao yana umri gani. Mtu akikupandishia mshahara karibu mara mbili kwa haraka hivyo, kuna uwezekano godauni za mawakala wake zimejaa kuliko za kwenu na anatafuta mtu anayefahamiana na wale wazee ili aendelee kusukuma. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema kahesabu.

Hapo ndipo tunarudi Shinyanga. Hili la kusukuma mzigo usilione kama tabia ya bosi wako peke yake wala ya kampuni changa za kwetu. Mwaka 2005 tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani iliikuta Coca-Cola na jambo la namna hii Japani, kati ya 1997 na 1999 ilikuwa inawalegezea masharti ya mkopo wajaza chupa wachukue malighafi ya soda mapema ili hesabu za robo zipendeze, na wawekezaji hawakuambiwa. Mwaka 2020 Diageo, wenye Johnnie Walker, walikubali kulipa dola milioni 5 kwa tume hiyohiyo, kitengo chao cha Amerika Kaskazini kilikuwa kinawabana wasambazaji wachukue zaidi ya soko linavyokunywa. Kampuni zenye wanasheria mpaka kwenye korido. Paul Polman alipochukua uongozi wa Unilever mwaka 2009 moja ya vitu alivyofanya mapema ni kuachana na zile ripoti za faida za kila robo mwaka, maana alijua presha ya robo inavyowafanya mameneja kukopa mauzo ya kesho.

Wewe siyo Polman, huwezi kufuta robo mwaka. Unachoweza ni hiki. Zunguka kwa mawakala wako wote, hesabu mzigo ulioko stoo, siyo ule ulioandikwa kwenye invoisi, andika tarehe za kuisha hasa kwenye mafuta, piga picha zile katoni za chini. Kisha gawa kwa mauzo yao halisi kwenda madukani uone kila mmoja ana mzigo wa miezi mingapi. Mwandikie bosi imeili fupi bila lawama, useme kanda ina mzigo wa kiasi hiki, huu uko hatarini kuharibika, napendekeza robo hii tusimuuzie fulani na fulani, tuweke nguvu kuutoa dukani, ulioganda urudishwe kwa utaratibu. Weka namba, usiweke hisia. Tageti ya robo hiyo utaikosa na bonasi utaikosa, hilo nakubali, linauma, watoto wana ada. Lakini ukiondoka bila kufanya hivyo, atakayekuja atafungua stoo zile na kila katoni itakuwa na jina lako. Na ukienda kwa hao washindani ndiyo mbaya zaidi, maana mawakala wa Kanda ya Ziwa ni walewale, kesho kutwa utapiga hodi kwa yule mzee wa Shinyanga na sabuni ya kampuni nyingine, utamwambia nini?

Bosi akikujibu kwamba uache kuandika mambo hayo kwenye imeili, usigombane naye. Umeshajua unafanya kazi na nani, na imeili ipo.

Kuhusu wakubwa kutoka nje, ni kweli inaudhi, nami nimewaona wa namna hiyo wakiletwa hawajui hata bei ya kipande cha sabuni dukani. Lakini usiwatazame hao tu. Jane Karuku kule Kenya, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza EABL, kampuni ya bia ya Afrika Mashariki, kuanzia Januari 2021, alisomea sayansi ya chakula Chuo Kikuu cha Nairobi, akapanda mpaka kuwa mkurugenzi mtendaji wa Cadbury Afrika Mashariki na Kati, akaenda Telkom Kenya ambako hakuna chokoleti wala soda, akaongoza AGRA ya mambo ya kilimo, ndipo 2015 akaingia kuendesha Kenya Breweries. Ukiitazama hiyo njia haijanyooka hata kidogo, ila karibu kila alipohama alikwenda kubeba kitu kizima. Na Muhtar Kent, Mturuki aliyeiongoza Coca-Cola kuanzia 2008, alipoajiriwa pale 1978 alianza kwa kuzunguka Marekani kwenye malori ya soda akijifunza mzigo unavyofika dukani, kama wewe na dereva wako wa Igoma. Katikati aliondoka akaenda kuongoza kampuni ya bia na vinywaji nyumbani Uturuki, akarudi 2005. Malori tu yasingemfikisha, wala ofisi tu isingemfikisha.

MBA iache kwanza. Siyo mbaya, utaisoma ukiwa na maswali yako mwenyewe, na pengine kampuni itakulipia. Kwa sasa tafuta mhasibu mmoja wa makao makuu mwenye subira, umuombe mkae Jumamosi mbili tatu akufundishe kusoma hesabu ya faida na hasara ya sabuni za miche mstari kwa mstari. Ukielewa kwa nini mafuta ya mawese yakipanda bei huko Malaysia na Indonesia mche wako wa Mwanza unatikisika, umeshapita wengi wenye vyeti.

Na shemeji yangu mwambie ukweli wote, hasa lile la tatu. Anaichagua milioni 6 kwa sababu hajaonyeshwa kitu kingine cha kuchagua. Mpeleke hata kwenye hiyo stoo Jumapili moja. Kama baada ya hapo bado anaona familia haiwezi kubeba upungufu wa laki sita kwa mwezi, basi mjadili miaka mingapi mnaweza kuvumilia, miwili au mitatu, na yeye kazi yake itahamaje, maana kuishi yeye Mwanza wewe Dar nako ni gharama ambayo haimo kwenye ofa ya mtu yeyote.

Anza na hesabu ya stoo wiki hii, kwa mkurugenzi wa masoko nenda wiki ijayo ukiwa nayo mkononi. Akishakujibu lile swali la bei niandikie, na mpaka hapo usisaini popote.

Anti